Wosia kwa anayebaki na seva

Kwako mwanangu,

Mwisho wa mwezi huu nastaafu, na fomu ya makabidhiano umeshaitia sahihi. Humo yameandikwa mashine, leseni, diski, funguo za chumba cha mitambo na hata feni mbovu ya ukutani. Fomu haikuuliza lolote kuhusu faili moja dogo ambalo litakuamsha usiku kuliko mitambo yote hiyo. Nikikueleza kwa mdomo tutaishia kwenye chai na hadithi za watu waliokwisha hamishwa, kwa hiyo nimeona niandike. Soma taratibu, umpe na mwenzako asome.

Faili lenyewe ni pg_hba.conf. Ndilo linaloamua nani aingie kwenye seva yetu ya PostgreSQL, atokee wapi, afikie kanzidata ipi, na athibitishwe vipi. Wagonjwa, maabara, duka la dawa na malipo, wote wanapita hapo. Wala usidhani utakachojifunza kitakufaa hospitali hii peke yake. PostgreSQL ina mizizi katika mradi ulioanzishwa mwaka 1986 na Michael Stonebraker, Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, na leo imeenea kila mahali. DHIS2, mfumo ambao Tanzania na Kenya zinautumia kukusanya takwimu za afya, unahifadhi data zake humo humo. Ukihamishiwa Dodoma, au ukipata kazi Mombasa, faili hili utalikuta.

Kabla hujaligusa, hakikisha ndilo. Usilitafute kwa kupekua saraka. Iulize seva yenyewe kwa amri SHOW hba_file. Nayo itakujibu njia kamili. Kwenye Ubuntu tunayotumia hapa ni /etc/postgresql/16/main/pg_hba.conf, namba ya katikati ikifuata toleo. Kwenye Red Hat na jamaa zake, kwa kawaida linakaa ndani ya saraka ya data, chini ya /var/lib/pgsql. Nakazia jambo hili kwa sababu mafundi wa kampuni moja waliokuja kutuunganishia mfumo wa malipo walikesha wakihariri faili la toleo la 14, ilhali seva iliyokuwa ikihudumia watu ni ya 16. Ubuntu inaruhusu matoleo mawili kukaa kwenye mashine moja, kila moja na saraka yake na mlango wake wa mtandao, moja 5432 na jingine 5433. Wakabadilisha mstari, wapi! Wakabadilisha tena, wapi! Wakalaumu swichi, wakalaumu ukuta wa moto, mwishowe wakatulaumu sisi. Amri pg_lsclusters ingewaonyesha kwa mara moja matoleo yaliyopo, lipi linafanya kazi na liko mlango gani.

Ukishalipata, jifunze kulisoma. Kila mstari unataja aina ya muunganisho, kanzidata, mtumiaji, anwani, na njia ya uthibitishaji. Mstari unaoanza na local hauna anwani, kwa kuwa unawahusu walio ndani ya mashine hiyo hiyo wanaopitia soketi ya Unix. Unaoanza na host unawahusu wanaokuja kwa mtandao, na hostssl ni wale tu ambao muunganisho wao umesimbwa. Hayo utayazoea kwa siku chache. Kinachowachanganya watu, hata wenye shahada zao, ni mpangilio.

Seva inaanza juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana na mgeni ndio unaomhukumu. Ni kama bawabu wa harusi mwenye orodha ya waalikwa: akishaliona jina lako mstari wa tatu pameandikwa usiingie, hana habari na mstari wa tisa, hata kama huko umeandikwa mgeni rasmi. Tazama mistari hii miwili:

host all all 10.20.0.0/16 reject
host maabara msomaji 10.20.4.15/32 scram-sha-256

Aliyeiandika alikusudia kuufungia mtandao mzima, kisha aiachie kompyuta moja ya maabara. Lakini 10.20.4.15 imo ndani ya 10.20.0.0/16, kwa hiyo kompyuta hiyo inakutana na reject kwanza na safari yake inaishia hapo. Mstari wa pili upo kwa macho tu. Ukiigeuza, wa chini ukawa wa juu, kila kitu kinakaa sawa. Basi mistari myembamba, ya mtu mmoja na anwani moja, iweke juu; mipana iweke chini.

Na liangalie jambo hili kwa upande wake wa pili pia, ambao watu hawauangalii. Ukiweka juu mstari mpana unaoruhusu, kisha chini yake ukaandika mstari mkali wa kumzuia fulani, huyo fulani ataingia kwa raha zake kupitia ule wa juu. Hakuna atakayekupigia simu. Ukimfungia mtu nje utajua kabla hujamaliza kunywa maji, lakini ukimwachia asiyehusika unaweza kustaafu hujajua. Kwa hiyo usilisome faili siku ya malalamiko tu. Lisome hata siku ambayo watu wote wameridhika, tena siku hiyo ndiyo nzuri, maana hakuna anayekusimamia kichwani.

Hakuna pia nafasi ya pili. Mtu akilingana na mstari, akakosea nywila, seva haimpeleki mstari unaofuata kujaribu bahati. Na asipolingana na mstari wowote hadi mwisho wa faili, amekataliwa. Huna haja ya kuandika reject mwishoni ili kufunga. Faili limeshafungwa lenyewe.

Sasa tuje kwenye simu zenyewe. Mtu atakupigia aseme, "Mzee, mfumo umekataa." Usikubali kuanza kazi kwa maneno hayo. Mwambie akutumie ujumbe mzima kama ulivyo kwenye kioo, hata kwa picha ya WhatsApp. Mficha uchi hazai. Wapo watakaoona unawasumbua, hasa madaktari, lakini kila ujumbe una mlango wake, na ukiukosea mlango utapoteza usiku mzima.

Ukiona "connection refused", faili letu halihusiki kabisa. Mgeni hajafika hata getini. Angalia kama huduma inafanya kazi, kama namba ya mlango ni sahihi, kisha angalia listen_addresses ndani ya postgresql.conf, ambayo kwa kawaida huja ikisikiliza localhost pekee. Hiyo ukiibadilisha ni lazima uizime seva na kuiwasha upya. Na mtu akikaa muda mrefu bila jibu lolote hadi akate tamaa, mtafute mtu wa mtandao kuhusu ukuta wa moto.

Ukiona "no pg_hba.conf entry", furahi. Nasema kweli. Huo ndio ujumbe mkarimu kuliko wote, kwa sababu seva inakuambia yote iliyoyaona: anwani, mtumiaji, kanzidata, na kama muunganisho ulisimbwa. Soma kimoja kimoja. Chukua huu:

no pg_hba.conf entry for host "10.20.7.33", user "Duka", database "Duka", no encryption

Anwani ni 10.20.7.33. Je, ndiyo uliyoitegemea? Mara nyingi siyo. Mtu anakuapia kwamba kompyuta yake ni ya mtandao wa 10.20.4, kumbe anapita kwenye VPN, au kuna PgBouncer katikati, na seva inaiona anwani ya huyo wa katikati. Usiandike mstari kwa anwani uliyoambiwa na mtu. Andika kwa anwani ambayo seva imeiona, baada ya kujiridhisha kwa nini imeiona hiyo. Mtumiaji ni "Duka" kwa herufi kubwa, na sisi tulimuunda kama duka kwa herufi ndogo. Ukiandika CREATE ROLE Duka bila alama za kunukuu, PostgreSQL inalishusha jina kuwa herufi ndogo, lakini jina linalokuja na mgeni halishushwi, wala lile lililo ndani ya pg_hba.conf. Kwa hiyo Duka na duka ni watu wawili. Kanzidata nayo imeandikwa "Duka", ilhali hatuna kanzidata ya jina hilo. Hiyo ni dalili kwamba mhusika hakutaja kanzidata yoyote, na programu yake ikachukua jina la mtumiaji badala yake. Na maneno ya mwisho, "no encryption", yanakuambia amekuja bila usimbaji, kwa hiyo mstari wa hostssl hata ungekuwepo usingemfaa. Ujumbe mmoja, mambo manne, na hujagusa chochote bado.

Usishangae ukiona ujumbe huo umekuja mara mbili mfululizo, wa kwanza ukiishia na "SSL encryption" na wa pili "no encryption". Programu nyingi hujaribu kwanza kwa usimbaji, zikikataliwa zinajaribu bila usimbaji. Soma yote miwili. Kama mistari yetu ni ya hostssl, ule wa kwanza ndio wenye habari unayoitaka.

"Password authentication failed" ni habari nyingine. Hapo mgeni ameshalingana na mstari, na kilichomkwamisha ni nywila. Lakini ujumbe anaouona yeye hautofautishi aliyekosea nywila, asiyepewa nywila kabisa, ambaye nywila yake imekwisha muda, na asiyekuwepo kwenye seva. Wote wanaambiwa lile lile. Imefanywa hivyo kwa makusudi ili mwizi anayebahatisha majina asijue lipi lipo. Wewe unao uwezo ambao mwizi hana: logi. Kwetu ziko /var/log/postgresql. Chini ya ujumbe ule utaona mstari wa DETAIL unaosema ukweli mzima, kwamba jina hilo halipo, au nywila imekwisha muda, na mara nyingi utataja pia faili na namba ya mstari uliolingana. Nimewaona vijana wenye akili sana wakibadilisha nywila ya mtu tena na tena, wakati logi ilikuwa inawaambia kwamba mtumiaji huyo hayupo kabisa kwenye seva. Usibadilishe kitu kabla hujausoma mstari wa DETAIL.

Kuna na "Peer authentication failed", utakayokutana nayo wewe mwenyewe ukiwa umeingia kwenye mashine. Njia ya peer inauliza mfumo wa uendeshaji: huyu ni nani? Kama umeingia Linux kwa jina lako halafu ukaandika psql -U duka, majina hayafanani, unakataliwa. Tiba yake ni kuongeza -h localhost ili upite kwenye mstari wa host wenye nywila, au kutumia sudo -u postgres kama kazi ni ya msimamizi, au kuandika ulinganisho wa majina kwenye pg_ident.conf. Utaona watu wengi wakishauri uifute peer uweke trust. Wasikilize kwa heshima, usiwafuate.

Umeshapata tatizo, unataka kuhariri. Fungua madirisha mawili, la pili likiwa limeshaingia kwenye kanzidata kama msimamizi, uliache hivyo. Nakili faili kwanza. Hariri. Kisha, kabla ya lolote, andika:

SELECT line_number, error FROM pg_hba_file_rules WHERE error IS NOT NULL;

Mwonekano huu upo tangu toleo la 10, na uzuri wake ni kwamba unalisoma faili jinsi lilivyo kwenye diski sasa hivi, si lile ambalo seva inalo kichwani. Kwa hiyo unakuonyesha kosa kabla halijaleta madhara. Ukirudi mtupu, ndipo unaandika SELECT pg_reload_conf();. Hakuna haja ya kuwasha seva upya kwa ajili ya faili hili. Narudia kwa sababu tabia ya kuwasha upya imeenea: ukiwasha upya saa nne asubuhi unawakata watu wote, wa maabara, wa famasi na wa mapokezi, kwa ajili ya mstari mmoja.

Na pg_reload_conf ikikujibu t, usipige makofi. Herufi hiyo maana yake ni kwamba ishara imetumwa, basi. Haisemi kwamba faili limekubalika. Mtumishi mmoja tuliyeazimwa kutoka idara nyingine aliandika anwani 10.20.4.0 akasahau /24. Seva ikachukua neno lililofuata, scram-sha-256, ikalifanya ndiyo kinyago cha mtandao, ikalalamika kwenye logi: invalid IP mask "scram-sha-256". Chini yake ikaandika kwamba faili halikupakiwa upya. Yeye aliona t, akafunga kompyuta, akaenda nyumbani. Na hakuna kilichoharibika, kwa sababu PostgreSQL ikikuta kosa wakati wa kupakia upya inaendelea na sheria za zamani ilizozishika. Wiki kadhaa zikapita. Umeme ukakatika usiku, jenereta ikachelewa, betri zikaisha. Mashine iliporudi, PostgreSQL ikakataa kuwaka, maana wakati wa kuwaka hakuna sheria za zamani za kuegemea. Faili bovu ni faili bovu. Zamu ya usiku ilikuwa inaandika wagonjwa kwenye daftari, na fundi wa zamu alikuwa anatafuta diski iliyoharibika, kwa sababu nani atawaza kuhusu mstari ulioandikwa wiki kadhaa nyuma? Jibu lilikuwa kwenye logi, karibu kabisa na mwisho, "could not load", pamoja na jina la faili.

Tangu siku ile niliweka utaratibu kwamba kila anayehariri anasoma mkia wa logi kabla ya kuondoka mezani. Naomba uuendeleze. Unaweza kubadilisha kila kitu changu, huo uuache.

Jambo jingine linalosahaulika: kupakia upya hakumtoi mtu aliyekwisha ingia. Sheria mpya zinawahusu wanaokuja. Ukifuta mstari wa mtu leo, na programu yake imeshikilia muunganisho tangu jana, ataendelea kusoma na kuandika. Mtafute kwenye pg_stat_activity, umkate kwa pg_terminate_backend. Hapo ndipo umemwondoa.

Sasa nizungumzie trust, na hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie.

Trust haiulizi kitu. Mgeni akilingana na mstari wenye neno hilo, anaingia kwa jina lolote ambalo mstari huo unaliruhusu, na ukiandikwa all, hata postgres limo. Na postgres ni msimamizi mkuu, na msimamizi mkuu anaweza kuamuru seva iendeshe programu za mfumo wa uendeshaji kupitia COPY ... PROGRAM. Kwa hiyo mstari wa host all all 0.0.0.0/0 trust hautoi kanzidata peke yake, unatoa mashine. Watu wanaouandika si wabaya. Wanaandika saa nane usiku, mkuu wa zamu anapiga simu kila dakika, na wanajiambia nitauondoa kesho. Asubuhi mfumo unafanya kazi, kila mtu anawashukuru, na kesho inakuwa haina haraka tena.

Wewe unalinda majina ya watu pamoja na magonjwa yao. Nani ana virusi, nani ametibiwa akili, nani mjamzito ambaye nyumbani hawajui. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, uisome, lakini hata isingekuwepo, hawa ni majirani zetu, tunakutana nao sokoni. Mkubwa akikushinikiza uweke trust kwa muda, mwambie una njia ya haraka inayolingana: mstari mmoja wenye jina la mtumiaji, kanzidata moja, anwani moja ya /32 na scram-sha-256. Kuuandika kunachukua muda ule ule. Akisisitiza, omba aandike kwa barua pepe. Nakuhakikishia wengi hawataandika.

Kuhusu nywila zenyewe, nakuachia kazi ambayo haijaisha. SCRAM ilikuja na toleo la 10 mwaka 2017, na tangu toleo la 14 la mwaka 2021 ndiyo chaguo-msingi. Njia ya zamani ya md5 imechoka: kile kilichohifadhiwa ndani ya seva, mtu akikiiba, kinamtosha kuingia bila hata kuijua nywila. Toleo la 18 limeanza kuonya kwamba nywila za md5 zitaondolewa. Watumiaji wetu wengi nimeshawahamisha; waliobaki utawajua kwa kuangalia pg_authid, ambapo safu ya rolpassword inaanza na md5 badala ya SCRAM-SHA-256. Fahamu tofauti hii: mstari wa md5 unampokea hata mwenye nywila ya SCRAM, lakini mstari wa scram-sha-256 haumpokei mwenye nywila ya md5. Kwa hiyo badilisha nywila kwanza, mstari baadaye. Ukianza na mstari, utaona kwenye logi kwamba mtumiaji hana siri halali ya SCRAM, na simu zitaanza.

Aliyebaki mgumu ni mashine ya vipimo vya damu. Programu yake inatumia kiunganishi cha zamani cha Java kisichoijua SCRAM, na hukupa ujumbe kwamba "authentication type 10 is not supported". Ujumbe huo unatoka kwa mteja, si kwa seva, kwa hiyo usihangaike na faili. Dawa ni kiunganishi kipya, na wauzaji wameahidi. Mpaka watimize, nimempa mstari wake mwenyewe wa md5, anwani yake moja, kanzidata moja, na juu yake nimeandika maelezo yenye alama ya # na tarehe. Usikubali kuwashusha watu wote kwa ajili ya mashine moja. Na kila mstari utakaouongeza, uandikie hivyo hivyo: nani aliomba, kwa nini, lini uangaliwe tena.

Madogo madogo nayapitia haraka. Neno all kwenye safu ya kanzidata halihesabu replication; seva ya nakala inataka mstari wake. Localhost inaweza kuwa 127.0.0.1 au ::1, kwa hiyo weka mistari yote miwili. Majina ya mashine badala ya anwani yanawezekana, lakini yanaitegemea DNS, na DNS yetu unaijua. Mstari wa kwanza kabisa, local all postgres peer, usiuguse. Debian wenyewe wameandika juu yake kwa herufi kubwa usiondolewe. Kazi za usiku zinaupitia huo, na ndio utakaokuingiza wewe siku mistari mingine yote imeharibika.

Limebaki moja, nalo ni langu. Katika faili kuna mstari wenye jina langu na anwani ya kompyuta yangu. Siku ninayoondoka, andika ALTER ROLE kwa jina langu pamoja na NOLOGIN, ufute mstari, upakie upya, usome logi, kisha uangalie pg_stat_activity usije ukaniacha ndani. Usinifute kabisa siku hiyo hiyo. Kuna majedwali ya takwimu za miaka mingi ambayo mmiliki wake bado ni mimi, na PostgreSQL haitakubali DROP ROLE hadi uyahamishe kwa REASSIGN OWNED, kanzidata moja baada ya nyingine. Yape jina la huduma, si jina lako, ili atakayekupokea asipate shida hiyo.

Na mwakani nikikupigia simu nikasema, mwanangu, nifungulie dakika tano tu, kuna takwimu nataka kuiangalia, unikatalie kwa adabu. Niulize nataka kujua nini, uniangalizie wewe, na kama hairuhusiwi kutoka, uniambie hairuhusiwi.

Ni mimi mzee wako.